Ujirani wa Watu Wasiofanana Hujengwa kwa Kazi, Si kwa Karamu

Kila palipo na watu wa dini mbili, lugha tatu au vipato vinavyopishana sana, huja siku mtu mwema akasema: "Tuwakutanishe." Ukumbi unatafutwa, viti vinapangwa, hotuba zinasomwa, watu wanakula. Ukisimama mlangoni ukatazama meza, utaona kila jamii imeketi na wenzake. Wanasalimiana kwa heshima, wanapiga picha ya pamoja, wanarudi makwao. Wiki inayofuata wanapishana njiani kama walivyopishana mwaka jana.

Waandaaji huvunjika moyo na kusema watu hawataki kuchanganyika. Sikubaliani nao. Wengi wangependa kumjua jirani asiyefanana nao, ila karamu haiwapi sababu ya kusemezana. Kula mtu anaweza kula na ndugu yake. Kinachomwondoa kwenye kiti chake ni shughuli asiyoweza kuimaliza bila yule aliye upande wa pili wa ukumbi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ninachoandika hapa ni namna ya kuiandaa shughuli hiyo: watu wangapi, saa ngapi, nani ashike kalamu, na ni wapi mambo huharibika.

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika kwamba kuwakutanisha watu wa makundi tofauti hupunguza chuki yanapotimia mambo manne: wawe na hadhi sawa pale wanapokutana, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka wawe wanaliunga mkono. Mwaka huohuo mtafiti Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22 kwenye kambi huko Oklahoma, wakawagawa makundi mawili na kuwashindanisha mpaka uadui ukawaka, wakawa wanachomeana bendera na kuvamiana vibandani. Kisha wakajaribu kuwapatanisha kwa kuwaweka pamoja kwenye chakula na filamu. Haikusaidia, chakula kiligeuka silaha ya kurushiana. Uadui ulianza kulegea maji ya kambi yalipokatika ikabidi wote watafute hitilafu, na lori lilipogoma kuwaka wakalivuta wote kwa kamba. Tena haikuwa kwa mara moja. Baada ya shughuli ya kwanza walirudia matusi yao, na ni mfululizo wa shughuli kadhaa uliowabadilisha. Anayepanga tukio moja kubwa kwa mwaka alikumbuke hilo.

Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 zenye watu zaidi ya 250,000 kutoka nchi 38. Waliona kwamba mara nyingi sana watu wanaokutana na wasiofanana nao huwa na chuki ndogo zaidi, na masharti yale manne yakitimia nafuu huwa kubwa. Kwa hiyo usisubiri yatimie yote ndipo uanze. Anza, huku ukiyasogeza karibu moja baada ya jingine.

Kuitafuta kazi yenyewe

Kazi nzuri inawauma wote kwa kiasi kinachokaribiana, haiwezi kumalizwa na upande mmoja peke yake, na matunda yake yanaonekana kwa macho ndani ya wiki sita hadi nane. Mfereji wa maji ya mvua ulioziba ni mfano mzuri. Ukizibuliwa juu tu, maji yanamfurikia wa chini. Ukizibuliwa chini tu, wa juu anabaki na dimbwi lake. Njia ya watoto kwenda shule, uchochoro usio na taa, zamu za kuwaangalia wazee wanaoishi peke yao, uwanja wa kuchezea uliovunjika, zote ni kazi za aina hiyo. Kupaka rangi ukuta hakutoshi: watu wanne wanaumaliza kwa asubuhi moja bila kusemezana. Kuchangisha fedha nako hakutoshi, kwa sababu mtu anatuma mchango wake kwa simu na hakuna sura aliyoiona.

Usiibuni kazi hiyo mezani kwako. Chagua nyumba 20, kumi za kila upande, mzipitie watu wawili, mmoja wa upande huu na mwingine wa upande ule. Kila nyumba mpe dakika kumi na tano na maswali matatu: Ni kitu gani hapa kinachokusumbua karibu kila wiki? Umewahi kujaribu kukirekebisha, ikawaje? Unadhani ni nani mwingine kinamsumbua? Anayejua lugha ya mwenye nyumba ndiye aanze kuzungumza, mwenzake aandike. Mwishoni hesabuni. Jambo lililotajwa na angalau nyumba tatu au nne za kila upande ndilo la kuanza nalo, hata kama si kubwa kuliko yote. Jambo lililotajwa na nyumba tisa za upande mmoja na sifuri za upande wa pili liacheni kwanza, maana mkilianza hilo kikundi kitaitwa cha "wale" kabla hakijazaliwa.

Swali la tatu ndilo lenye faida iliyojificha. Mtu anapolazimika kufikiri nani mwingine anaathirika, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayemtaja jirani asiyezungumza naye.

Michezo hupendwa sana na waandaaji, nami siipingi, ila namna timu zinavyoundwa ndiyo inayoamua kila kitu. Matt Lowe alichapisha mwaka 2021 utafiti wa ligi ya kriketi kaskazini mwa India, ambako vijana wa kasti mbalimbali (matabaka ambayo mtu huzaliwa ndani yake) waliwekwa kwenye timu kwa bahati nasibu. Waliocheza timu moja na wa kasti nyingine walipata marafiki zaidi wa kasti hizo. Waliokutana nao kama wapinzani uwanjani hawakuvuna faida hiyo, na kwa baadhi ya vipimo mambo yalirudi nyuma. Kwa hiyo mechi ya "mtaa wa juu dhidi ya mtaa wa chini" ni namna ya kuukazia mpaka mnaotaka kuufuta. Changanyeni kwanza, halafu ndipo mshindane.

Watu wangapi, na nani awaite

Kumi hadi kumi na wanne. Wakipungua nane, wawili wakiugua kazi inasimama. Wakizidi kumi na watano, vinazaliwa vikundi ndani ya kikundi, navyo hufuata mipaka ileile ya zamani. Ndani ya idadi hiyo, usimwite mtu mmoja pekee kutoka jamii yoyote. Mwaka 1977 mwanasosholojia Rosabeth Moss Kanter alieleza yanayompata aliye peke yake kati ya wengi wasiofanana naye: kila alifanyalo linatazamwa kwa darubini, na kosa lake huhesabiwa kuwa kosa la watu wake wote. Wawe watatu au zaidi. Wakiwa watatu wanaweza hata kupingana wao kwa wao mbele ya wengine, na hapo ndipo wengine huona kwamba "watu wale" hawana kichwa kimoja.

Mwaliko upelekwe kwa miguu. Tangazo ukutani na ujumbe wa simu huwaleta waliozoea kualikwa: wenye muda, wenye kauli, wenye viatu vya kikao. Na unapomwalika mtu, mwombe ujuzi wake, si kabila wala dini yake. "Tunahitaji mtu anayejua kusoma mteremko wa ardhi" humfanya mtu anyooke. "Tunataka na ninyi muwakilishwe" humfanya aone ameitwa kujaza nafasi. Viongozi wa dini na wazee wa jamii waarifiwe mapema na waombwe baraka, kwa sababu bila wao wengi wataogopa kuonekana. Lakini usiwape kazi ya kuchagua washiriki, maana watachagua watu wao wa siku zote.

Kuna wanaosahaulika kila mara: wapangaji, wanaofanya kazi usiku, mama wenye watoto wachanga, wasioona, wanaotumia kiti cha magurudumu. Kabla ya kupanga siku, pitisha karatasi kila mtu aandike nyakati asizoweza: siku za ibada, mifungo, mitihani, zamu, kunyonyesha. Dakika kumi za karatasi hiyo huokoa miezi ya kulalamika kwamba "wenzetu hawaji." Mara nyingi wenzetu wamewekewa kikao siku yao ya ibada.

Kugawa kazi ili kila mmoja awe na kipande

Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa ndipo pengi pa kuharibika.

Mwaka 1971 mwanasaikolojia Elliot Aronson alipambana na tatizo la shule za Austin, Texas, zilizokuwa zimeanza kuwachanganya watoto weupe, Weusi na wenye asili ya Meksiko, na darasani hapakuwa na amani. Alichofanya ni kuwagawa watoto kwenye vikundi vidogo vya watoto watano au sita, kila mtoto akapewa sehemu moja ya somo ambayo wenzake hawakuwa nayo, naye akawafundisha. Aliyekuwa akimdharau mwenzake aligundua kwamba asipomsikiliza atafeli. Huo ndio muundo unaoutaka kwenye kikundi chako.

Kwa mfereji ule: wawili wanapima urefu na kuchora, wawili wanahesabu nyumba zinazoathirika, wawili wanatafuta zana za kuazima, wawili wanafuatilia kibali kwa serikali ya eneo, wawili wanaandika na kutangaza. Kila jozi iwe ya watu wa pande tofauti, na kazi yake ikwamishe nyingine isipofanyika. Wanaoomba kibali hawawezi kwenda bila mchoro, na wanaotafuta zana hawawezi kujua idadi bila vipimo. Baada ya wiki tatu au nne jozi zibadilishwe.

Usawa haupatikani kwa kutangaza kwamba "hapa sote ni sawa." Tazama mikono. Nani anashika kalamu? Nani anapanga viti, nani anafagia ukumbi baada ya kikao? Nani anaitwa kwa cheo chake na nani kwa jina tupu? Ikiwa wasomi wanaandika na wengine wanabeba, umehamishia tabaka la nje ndani ya kikundi chako. Mtu anaweza kuondoka hapo akiwa na dharau iliyothibitika kuliko alivyokuja. Dawa yake ni zamu iliyoandikwa na kubandikwa: mwenyekiti wa kikao abadilike kila kikao, mwandishi abadilike, na mpanga viti vilevile. Asiyeweza kuandika aendeshe kikao siku yake kama wengine, mwenzake wa jozi amsaidie na karatasi. Majina yawe ya namna moja kwa wote. Mkikubaliana kuitana kwa heshima ya umri, iwe kwa kila mwenye umri, awe daktari au mchuuzi.

Fedha ni mtego wa peke yake. Mpango unaoonekana wa haki ni huu: wenye nacho watoe fedha, wasio nacho watoe nguvu. Usiufuate. Baada ya wiki chache wa kwanza wanakuwa wafadhili na wa pili vibarua, na kila uamuzi unamsubiri mfadhili. Afadhali mchango wa lazima uwe saa, kwa mfano saa nne kwa mwezi kwa kila mtu bila kujali kipato, na mchango wa fedha uwe wa hiari, wa siri, unaoingia kwenye bahasha isiyo na jina. Watunza fedha wawe wawili kutoka pande tofauti, na pasitoke kitu bila sahihi zote mbili. Mwanzo wa kila kikao isomwe taarifa ya dakika tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, risiti mezani. Isomwe hata kama hakuna kilichobadilika. Uvumi wa fedha ukiingia kwenye kikundi cha watu wasiofanana huvaa nguo za kabila au dini mara moja, na kuuvua ni kazi kubwa.

Hesabu ya saa

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 makadirio ya muda unaohitajika watu wakaribiane: kama saa 50 kutoka kujuana tu hadi urafiki wa kawaida, kama 90 hadi urafiki wenyewe, na zaidi ya 200 hadi rafiki wa karibu. Usizichukue kama sheria, lakini zitumie kupanga. Kikundi kinachokutana saa mbili kila wiki kinazifikia saa 50 kwa wiki 25, yaani karibu nusu mwaka. Kinachokutana saa mbili kila baada ya miezi mitatu kina saa nane kwa mwaka, na kitahitaji zaidi ya miaka sita. Ndiyo maana kamati nyingi za "mshikamano" hazishikamanishi chochote. Wajumbe wake ni watu wema, ila wamepewa saa chache.

Hall aliona pia kwamba saa za kuwa kazini pamoja hazileti ukaribu kama saa za kupumzika na kupiga soga. Hili halipingi niliyosema juu, bali linayakamilisha: kazi huwaleta watu, soga inayoizunguka huwaunganisha. Kwa hiyo usibane ratiba. Kikao kiwe cha dakika 75 zisizozidi 90, lakini ukumbi ufunguliwe dakika 20 kabla na usifungwe mpaka dakika 30 baadaye. Kuwe na kitu cha kufanya kwa mikono katika muda huo: kupanga zana, kukunja karatasi, kuosha vikombe. Mtu mwenye haya huongea akiwa na kitu mkononi.

Pia waambie washiriki mapema jambo ambalo Erica Boothby na wenzake waliliona mwaka 2018: baada ya mazungumzo na mgeni, watu hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Mtu aliyerudi nyumbani akijiona ameongea vibaya mara nyingi amekosea, na akilijua hilo kuna uwezekano mkubwa wa kurudi wiki inayofuata.

Ndani ya kikao

Viti viwe duara, bila meza kuu. Usiwaambie watu "changanyikeni". Watafanya hivyo kwa dakika moja kisha watarudi. Wape sababu: jozi za kazi ziketi pamoja kwa kuwa zina karatasi moja ya kujaza. Anza kwa mzunguko mmoja ambao kila mtu anaongea dakika moja kuhusu kipande chake, kabla ya mjadala kufunguliwa. Ambaye hajasema lolote katika dakika kumi za kwanza huwa hasemi mpaka mwisho.

Lugha ikiwa zaidi ya moja, tafsiri iwe ya wazi na ya polepole: sentensi mbili, kisha tafsiri, kisha sentensi mbili. Hapo kikao cha dakika 75 hubeba nusu tu ya ajenda, kwa hiyo punguza ajenda tangu mwanzo. Tafsiri ya kunong'ona pembeni haifai. Anayenong'onezwa hupitwa, na wengine hudhani wanasengenywa. Mkalimani asiwe mtoto wa mmoja wa washiriki. Mtoto hawezi kumtafsiria mzazi wake lawama, ataipunguza au ataificha.

Mahali pa kukutania pawe pa zamu ikiwa hakuna pasipo na mwenyewe. Ukumbi wa nyumba ya ibada moja ukitumika kila wiki, wengine watakuja kwa adabu ya wageni, na mgeni habishi.

Maneno

Mazungumzo mazuri kati ya wasiofanana huanza na mtu, si na kundi lake. "Ninyi mnaonaje kuhusu..." humgeuza mwenzako msemaji wa watu asiowajua wote. "Wewe ilikuwaje ulipohamia hapa?" humpa nafasi ya kuwa yeye. Mwaka 2016 David Broockman na Joshua Kalla walichapisha jaribio la Miami ambapo waliotembelea nyumba waliwaomba wenyeji, katika mazungumzo ya kama dakika kumi, wakumbuke wakati wao wenyewe walipohukumiwa kwa kuwa tofauti. Chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia ilipungua, na badiliko hilo lilikuwa bado linaonekana miezi mitatu baadaye. Hawakubishana wala kumwaga takwimu. Waliuliza, wakasikiliza, wakaeleza na yao.

Utani nao una wakati wake. Ukitangulia kabla watu hawajaaminiana, huumiza, na aliyeumia hucheka ili asionekane mgumu. Katika wiki za mwanzo mwenye kuendesha kikao auzuie utani wa asili za watu bila kumwaibisha mtu, kwa sentensi moja tu, kisha aendelee na ajenda.

Kundi la simu lifunguliwe kwa ajili ya ratiba, vipimo na picha za kazi. Siasa, dini na ujumbe uliosambazwa kutoka kwingine visiingie. Wasimamizi wawe wawili wa pande tofauti. Na ugomvi ukianza humo, mmoja aandike "tuliongee ana kwa ana" na wote waache hapo. Ugomvi wa maandishi una mashahidi wengi na hauna uso.

Pale usawa usipokuwepo nje

Kuna kosa moja linalofanywa na watu wenye nia njema, nami naliona ni zito. Wanataka maelewano kiasi kwamba kila lalamiko la kweli linaitwa kuharibu amani. Mwaka 2009 Tamar Saguy, Nicole Tausch, John Dovidio na Felicia Pratto walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba mazungumzo yanayosisitiza yanayofanana tu huwafanya wa kundi dhaifu watarajie kutendewa haki na kundi lenye nguvu, na haki hiyo haikuja kama walivyoitarajia. Ikiwa upande mmoja unakosa maji, hati au usalama, usiwaombe watabasamu. Weka kwenye ajenda, kila kikao cha tatu au cha nne, nusu saa ya swali moja: kuna nini hapa ambacho upande mmoja unakipata na mwingine haukipati? Jibu likiwa ndani ya uwezo wa kikundi, liwe kazi inayofuata. Likiwa nje ya uwezo wake, wale wanaopata waende pamoja na wasiopata kulidai. Sauti ya asiyeathirika hufungua milango ambayo mwathirika aligonga miaka.

Likivunjika

Litavunjika. Mtu atatukanwa, zana zitapotea, mtu atashutumiwa. Ndani ya saa 48 watu wawili wa pande tofauti wamwendee aliyeumizwa, nyumbani kwake au atakapotaka, wamsikilize mpaka amalize. Kisha wamwendee aliyeumiza. Wapeleke maneno yenyewe yaliyosemwa, si tafsiri yake: "Ulisema hivi," wasiseme "umewadharau watu wake." Neno linaweza kuombwa radhi, tuhuma ya dharau huzaa ubishi tu. Radhi iombwe palepale kosa lilipofanyika. Kosa la hadharani likiombewa radhi chumbani, waliolishuhudia hubaki nalo.

Kwa uvumi, panga mapema. Ashutosh Varshney, katika utafiti wake wa mwaka 2002 kuhusu miji ya India, alionyesha kwamba palipokuwa na vyama vilivyochanganya Wahindu na Waislamu, ghasia zilizuilika zaidi kuliko palipokuwa na salamu za kijirani peke yake. Watu wa vyama hivyo walikuwa tayari wana njia ya kupashana habari na kuuzima uvumi. Kwenu iwe hivi: majina mawili kutoka kila upande, namba zao kwa wote, na makubaliano kwamba ukisikia habari ya kutisha kuhusu upande wa pili, unapiga simu kwao kabla ya kuisambaza, nao wanajibu ndani ya saa moja hata kama jibu ni "bado tunaulizia."

Kujua kama kuna kinachojengeka

Idadi ya waliohudhuria haikuambii kitu. Mwanzoni, na tena baada ya miezi sita, muulize kila mshiriki faraghani maswali matatu: Ukipata dharura usiku, ungempigia nani kati ya watu wa hapa? Nani amekuazima kitu mwezi uliopita? Nyumba ya nani umeingia? Andika nukta kwa kila mtu na uchore mistari. Mistari inayovuka mpaka ikiongezeka kutoka miwili hadi minane, kazi inaenda vizuri, hata kama mfereji bado haujaisha. Michoro hiyo ibaki kwa mtu mmoja anayeaminiwa na wote, kwa sababu ramani ya nani hana rafiki inaweza kumuumiza mtu.

Usitarajie kwamba urafiki wa ndani utamwagikia watu wa nje wenyewe. Salma Mousa alichapisha mwaka 2020 utafiti wa timu za soka za Wakristo huko Iraq, waliohamishwa na vita vya kundi la Dola ya Kiislamu, ambazo baadhi ziliongezewa wachezaji Waislamu. Wachezaji wa timu zilizochanganywa waliendelea kufanya mazoezi na Waislamu miezi sita baadaye, lakini hilo halikuwafanya wahudhurie zaidi hafla zilizochanganya watu wasiowajua. Urafiki ulibaki uwanjani ulikozaliwa. Basi mlango wa kikundi uachwe wazi kwa mpango. Kazi ya kwanza ikibakiza wiki mbili, ya pili iwe imeshachaguliwa kwa njia ileile ya kupitia nyumba 20, safari hii nyumba nyingine. Nusu ya washiriki wabaki, nusu wapishe, na kila jozi inayopisha ilete mmoja wa kila upande, iwapeleke yenyewe kwenye kikao cha kwanza na kuketi nao mpaka wapate jozi zao.